Spika zinavuma: anza na ethi ya nyumba, ekstensheni ije baadaye

Swali: Shikamoo mzee. Naishi Nkuhungu, hapa Dodoma. Nimepata amplifaya ya mtumba kutoka Japani, naitumia na transfoma ya kushusha umeme hadi 110. Nina spika mbili, sabufa yenye plagi ya pini tatu, pleya ya santuri aliyoniachia baba, televisheni na king'amuzi cha dishi. Vyote nimevichomeka kwenye ekstensheni moja nyeupe, ile ya matundu yanayokubali kila plagi. Spika zinavuma muda wote, na nikigusa chuma cha amplifaya nikiwa pekupeku natekenywa. Rafiki yangu anasema niagize ekstensheni ya hai-fai yenye filta kutoka Ulaya. Fundi wa mtaani anasema nikate pini ya ethi ya sabufa, mvumo utaisha. Ninunue ipi, na je, naweza kuiboresha mwenyewe?

Jibu: Marahaba mwanangu. Kabla ya lolote: pini ya ethi usiikate. Mvumo unaweza kweli kupungua ukiikata, na hapo ndipo penye hatari, maana utadhani tatizo limekwisha. Sabufa ya pini tatu imetengenezwa chuma chake kiwe kimeungwa na ethi. Siku waya wa laivu, ule unaoleta umeme, ukiachia ndani na kugusa bodi, umeme unatakiwa upate njia ya kwenda ardhini ili kinga ya nyumba ikate. Bila ile pini, bodi inabaki na volti 230 ikimsubiri mtu wa kuigusa. Na kwa kuwa waya za RCA, zile za kupitisha sauti kati ya vyombo, zimeunganisha chuma cha sabufa na cha amplifaya, televisheni na king'amuzi, umeme huo hautaishia kwenye sabufa. Utakukuta hata unapobadilisha santuri.

Huko kutekenywa ndiko kunakonipa picha ya nyumba yako. Televisheni na king'amuzi vina pawa saplai za kisasa ambazo ndani yake kuna kapasita ndogo kati ya upande wa umeme wa ukutani na chuma cha chombo. Kazi yake ni kumeza kelele za umeme, na kwa kufanya hivyo hupitisha mkondo mdogo sana, chini ya miliampea moja. Sabufa yako nayo huenda ina kapasita za aina hiyo. Ethi ikiwa hai, mkondo huo unashuka ardhini kupitia waya wa ethi wa sabufa na wewe hujui kama ulikuwepo. Ethi isipokuwepo, chuma cha vyombo vyote kinaelea, na ukikipima kwa maltimita dhidi ya ardhi utasoma volti nyingi, mara nyingi karibu nusu ya umeme wa ukutani. Ukigusa pekupeku, wewe ndiye unakuwa njia ya kwenda chini. Mkondo ule mdogo haukuui. Lakini unakueleza kwamba nyumbani kwako kuna mahali ethi imekatika, na siku ya hitilafu kubwa haitakuwepo kukuokoa.

Mvumo nao unahusiana na hilo hilo. Mkondo usiopata njia ya ardhini hutafuta njia nyingine, na iliyo karibu ni ule wavu wa nje wa waya za RCA, wenye jukumu la kubeba muziki. Mkondo ukipita pale unaacha volti kidogo, na amplifaya haiwezi kutofautisha volti hiyo na sauti. Inaikuza vilevile. Ndiyo maana mvumo unakera zaidi ukichagua pleya ya santuri: sindano ya kawaida inatoa takriban milivolti 5, wakati pleya ya CD inatoa karibu volti 2. Uchafu usiosikika kwenye CD unasikika wazi kwenye santuri.

Sasa fikiria ile ekstensheni ya filta anayokushauri rafiki yako. Filta nyingi za aina hiyo zina kapasita mbili zaidi, moja kutoka laivu kwenda ethi na nyingine kutoka nyutro, yaani waya wa kurudisha umeme, kwenda ethi. Zimebuniwa kwa nyumba ambayo ethi yake inafanya kazi. Ukizileta kwenye nyumba isiyo na ethi, matundu yote ya ethi ya ile ekstensheni yanapata nusu ya umeme wa ukutani, na kila chombo cha pini tatu kinapelekewa kwenye chuma chake. Utakuwa umelipa pesa nyingi ili utekenywe zaidi. Kwa hiyo jibu langu la swali lako kuu ni hili: usinunue ekstensheni yoyote, iwe ya bei chee au ya kifahari, kabla hujajua ethi ya nyumba yako ikoje.

Kwa sisi wa Dodoma jambo hili lina uzito kuliko kwa mtu wa Tanga au Bukoba. Nyumba zetu nyingi zinategemea nondo ya ethi iliyochimbiwa pembeni ya ukuta, na nondo inafanya kazi kwa sababu udongo unaoizunguka una unyevu. Hapa mvua inaanza Desemba, au mwisho wa Novemba ikiwahi, inaishia Aprili, halafu miezi yote inayobaki ardhi inakauka hadi inapasuka. Nondo fupi iliyopigwa wakati wa mvua inaweza kupimwa ikaonekana nzuri, kisha Septemba ikawa imebanwa na udongo mkavu usiopitisha kitu. Ukisikia mtu anasema redio yake inavuma kiangazi na kutulia mvua zikianza, mwambie akaangalie nondo.

Nikupe hesabu, maana hapa ndipo wengi wanapojidanganya. Tuseme nondo yako ina ukinzani wa omu 100 kiangazi, jambo ambalo kwa udongo mkavu halishangazi. Waya wa laivu ukigusa bodi ya sabufa, mkondo utakaoshuka ardhini ni 230 kugawanya kwa 100, yaani ampea 2.3. Fyuzi ya ampea 13 kwenye plagi haitaungua kwa mkondo huo, hata ukae mwaka mzima. Breka ya ampea 20 au 32 nayo itatulia tu. Bodi itabaki na umeme, na ethi "ipo". Ndiyo maana nyumba yenye nondo lazima iwe na breka ya uvujaji, ile yenye kitufe kidogo kilichoandikwa T, ambayo hukata umeme ikihisi miliampea 30 tu zimepotea njiani. Nenda kaifungue meni switchi yako uangalie. Kama ipo, bonyeza T. Lazima ikate papo hapo. Isipokata, au ikiwa haipo kabisa, hilo ndilo la kununua mwezi huu. Amplifaya inaweza kusubiri.

Upimaji wa nondo wenyewe haufanywi kwa maltimita ya kawaida. Fundi anatakiwa awe na mita ya ethi, ile ya kuchimbia vijiti viwili vya pembeni na kupitisha mkondo ardhini. Muite fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, umwambie umemwita kupima ethi, na umuombe akuandikie namba aliyoisoma. Akikupa jibu kwa kuangalia tu kwa macho kwamba "nondo ipo, iko sawa", mshukuru na utafute mwingine. Namba ikiwa mbaya, dawa ni kwenda chini zaidi au kuongeza nondo ya pili, ikae mbali na ya kwanza kwa umbali usiopungua urefu wa nondo yenyewe, kisha ziungwe pamoja kwa waya wa kopa. Mahali pazuri ni pale penye unyevu mwaka mzima: chini ya bomba la nje, au maji ya kuogea yanapotokea. Kuna desturi ya kujaza chumvi na mkaa kwenye shimo. Inashusha namba kweli, ila chumvi inasombwa na mvua na inakula nondo na kibano chake, kwa hiyo miaka michache baadaye unajikuta ulipoanzia. Mimi napendelea nondo ndefu na maji.

Usisahau kibano chenyewe kinachoshika waya kwenye nondo. Kikague kwa macho: kikiwa na kutu ya kijani au kinacheza ukikitikisa, tatizo lako linaweza kuwa pale tu. Wakati mwingine waya umekatwa na jembe la mtu aliyekuwa analima bustani.

Ethi ikishapona, ndipo tuzungumze ekstensheni, na hiyo nyeupe yako naikataa moja kwa moja. Soketi ya matundu ya kila plagi haiwezi kuishika plagi yoyote vizuri, kwa sababu bati la ndani limekatwa pana ili lipokee pini za mraba, za duara na za bapa. Pini inagusa kwa ncha tu. Pale inapogusa panapata joto, joto linalegeza bati, bati likilegea linazidi kupata joto, na mwisho unaona plastiki imegeuka kahawia kuzunguka tundu. Zaidi ya hayo, plagi ya Ulaya yenye ethi ya pembeni ikiingia pale haigusi ethi kabisa. Unayo plagi ya ethi na unayo soketi ya ethi, lakini hazikutani.

Kwako wewe kuna sababu kubwa zaidi. Amplifaya yako ya Japani ina plagi ya pini mbili bapa, na plagi hiyo inaingia bila tabu kwenye tundu la ekstensheni yako lenye volti 230. Angalia mgongoni kwa amplifaya, utakuta pameandikwa AC 100V. Siku moja mtu atafagia, atachomoa plagi, kisha kwa nia njema atairudisha kwenye tundu lililo karibu badala ya kwenye transfoma. Amplifaya itaungua ndani ya sekunde chache. Soketi za kawaida za pini tatu za mraba zinakuondolea ajali hiyo, kwa kuwa pini bapa haziingii.

Na hiyo transfoma ya 110 tuizungumze hapa hapa. Japani hutumia volti 100, kwa hiyo kwenye transfoma ya 110 unaizidishia amplifaya yako asilimia 10 kila siku, hata umeme wa ukutani ukiwa sawasawa. Ukipanda kidogo mtaani, inapanda nayo. Itachemka zaidi, na kapasita zake, ambazo tayari ni za zamani, zitaisha haraka. Tafuta transfoma iliyoandikwa 230 kwenda 100, yenye uwezo usiopungua mara moja na nusu ya wati zilizoandikwa mgongoni mwa amplifaya. Iweke mbali na pleya ya santuri, walau nusu mita, kwa sababu sindano inadaka usumaku wa transfoma na kuugeuza kuwa mvumo ambao hakuna ekstensheni duniani itakayouondoa.

Ukienda dukani kutafuta ekstensheni ya kawaida iliyo nzuri, nenda na sumaku ndogo, hata ile ya spika iliyokufa. Igusishe kwenye pini za plagi. Ikinasa, hizo ni pini za chuma zilizopakwa rangi ya shaba, na bati la ndani linaelekea kuwa hivyo hivyo. Shaba ya njano hainaswi na sumaku. Kisha soma maandishi kwenye waya wenyewe: unatafuta nyaya tatu za milimita za mraba 1.5, kwa kawaida huandikwa 3G1.5 au 3×1.5. Ya 1.25 inafaa pia. Waya usio na maandishi yoyote, muachie mwenye duka. Chomeka plagi nzito kwenye tundu, geuza ekstensheni iangalie chini. Plagi isidondoke wala isining'inie. Tafuta alama ya TBS, shirika letu la viwango. Na uombe kufungua plagi uone fyuzi: iwe ya mwili wa kauri, imeandikwa BS 1362 na idadi ya ampea.

Kuna waya wa ujanja unaouzwa sana, ambao nyuzi zake ni alumini iliyofunikwa ngozi nyembamba ya kopa. Menya ncha, chukua uzi mmoja, uukwangue kwa wembe. Ukiona weupe chini ya wekundu, ni alumini. Ukinzani wake ni karibu mara 1.6 ya kopa, na unalegea chini ya skrubu hata ukiikaza vipi. Ukiona kinyume, weupe nje na wekundu ndani, hiyo ni kopa iliyopakwa bati na haina shida.

Sasa swali lako la kuiboresha. Ushauri wangu ni usiboreshe ekstensheni mbovu, tengeneza mpya kwa soketi za ukutani. Soketi pacha za ukutani zinazouzwa kila duka la vifaa vya ujenzi mjini zimetengenezwa kwa kiwango kile cha Uingereza cha BS 1363, ambacho ndicho tunachokitumia sisi. Zina bati nene, zina vifuniko vya ndani vinavyofungwa na kufunguliwa na pini ndefu ya ethi, na zimebuniwa kukaa ukutani miaka mingi. Chukua tatu za chapa inayoaminika, boksi tatu za plastiki za kufungia nje zenye kina cha kutosha, na kipande cha ubao mgumu; mninga unafaa sana. Hapo utapata matundu sita yenye mshiko ambao ekstensheni ya dukani haiufikii. Kama hujawahi kushika bisibisi ya umeme, nunua vifaa wewe, kazi afanye fundi, na umuonyeshe maelezo haya.

Waya uwe wa nyuzi laini, nyaya tatu za 1.5, urefu unaotosha tu kufika ukutani. Unapopita kutoka soketi moja kwenda nyingine, usiukate waya wa ethi. Umenye katikati, ukunje pale ulipomenywa, uingize mkunjo chini ya skrubu, kisha uendelee nao hadi soketi inayofuata. Hivyo skrubu moja ikilegea, soketi zinazofuata hazipotezi ethi. Fanya hivyo hivyo kwa laivu na nyutro kama nafasi inaruhusu. Ncha za nyuzi laini usizipake risasi ya kuchomea kabla ya kuzibana. Wengi hufanya hivyo wakidhani ni ustadi, lakini risasi ni laini, inabonyea polepole chini ya skrubu, na baada ya miezi kiungo kinalegea chenyewe. Sokota nyuzi vizuri uzikunje mara mbili, au tumia vile vikombe vidogo vya chuma vinavyobanwa kwenye ncha. Kaza, kisha vuta kila waya kwa mkono. Rudia kukaza baada ya wiki kadhaa za matumizi, ukiwa umeichomoa ukutani.

Ukiitazama soketi kwa mbele, ethi ikiwa juu, laivu inakaa kulia na nyutro kushoto. Kahawia ni laivu, bluu ni nyutro, kijani na njano ni ethi. Kwenye nyumba zilizofungwa zamani utakuta nyekundu, nyeusi na kijani. Kabla ya kuichomeka, weka maltimita kwenye omu: kutoka pini ya ethi ya plagi hadi kila tundu la ethi isome karibu na sifuri, na kati ya laivu na ethi, pia kati ya laivu na nyutro, isisome kitu kabisa. Waya unapoingia boksi la kwanza uwe na kibano cha kuushika, ili mtu akijikwaa asing'oe viungo.

Fyuzi ya plagi usiweke 13 kwa mazoea. Jumlisha wati zilizoandikwa migongoni mwa vyombo vyako vyote. Kwa orodha uliyonipa sidhani kama utavuka 600 ukisikiliza kwa nguvu, ambazo kwa volti 230 hazifiki hata ampea 3. Fyuzi ya ampea 5 inatosha, na inaacha nafasi kwa kile kishindo cha mkondo transfoma kubwa inapowashwa. Pasi, jagi la kuchemshia maji na friji visikaribie ekstensheni hii kamwe. Pasi moja inaweza kula wati zaidi ya 1000, na friji ikiwaka utasikia "tap" kwenye spika.

Swichi za soketi ziache. Najua wapo wanaozing'oa pamoja na taa ndogo wakiamini sauti inasafika. Nilichokiona kwa miaka yangu ya kutengeneza redio ni kwamba swichi iliyoungua inaleta mikwaruzo kweli, na dawa yake ni kuibadilisha. Swichi nzima haina habari na muziki wako. Na kama kuna mtu atakushauri kuweka kipande cha waya au karatasi ya sigara badala ya fyuzi ili "umeme upite vizuri", mkatalie bila kujadiliana naye.

Ekstensheni yako ikae wima, ubao ukiwa umefungwa ukutani, matundu yakiangalia pembeni. Vumbi la Dodoma unalijua: upepo wa Julai hadi Septemba unaingiza unga mwekundu hata kwenye droo iliyofungwa. Matundu yakiangalia juu yanajaa, na vumbi hilo likipata unyevu wa mvua za kwanza linaanza kuvujisha umeme. Kamwe usichokonoe tundu la ethi kwa kalamu ili plagi ya pini mbili iingie. Kila ukifanya hivyo unaharibu kifuniko na kulegeza mshiko. Badilisha plagi ya chombo, au nunua adapta yenye fyuzi.

Ukishafunga hivi vyote, mvumo utakuwa umepungua, na uliobaki uwindwe kwa utaratibu. Zima, chomoa kila kitu kwenye amplifaya, acha spika mbili tu, uwashe. Ikinyamaza, rudisha chombo kimoja kimoja, ukizima kila unapounganisha. Anza na pleya ya santuri, na uhakikishe ule waya wake mwembamba wa ethi umebanwa kwenye skrubu ya GND nyuma ya amplifaya, kwa kuwa mara nyingi nakuta umelegea na watu wamelaumu umeme mwaka mzima. Wa mwisho rudisha king'amuzi. Nitakuambia ninachotarajia: mvumo utarudi utakapofunga waya wa dishi. Nguzo ya dishi imesimama ardhini, kwa hiyo dishi lina ethi yake, sabufa ina ethi ya nyumba, na ethi hizo mbili hazina volti sawa. Mkondo unazunguka kati yake kupitia waya za RCA. Dawa ya kwanza ni king'amuzi, televisheni na amplifaya vyote kuwa kwenye ekstensheni moja, jambo ambalo sasa unalo. Dawa ya pili ni fundi kuunga nguzo ya dishi na ethi ya nyumba kwa waya mnene. Kama bado unasikia, weka transfoma ndogo ya kutenganisha sauti kwenye waya wa RCA wa king'amuzi. Inauzwa kwa mafundi redio za magari, na haigusi umeme wa ukutani hata kidogo.

Tofautisha lakini mvumo wa spika na mvumo wa chombo chenyewe. Ukiweka sikio kwenye transfoma na kusikia inanguruma bila spika kuhusika, hiyo ni transfoma inayotetemeka. Inveta za bei nafuu zisizotoa wimbi laini zinafanya hivyo sana umeme ukikatika, na kwa amplifaya ya transfoma nisingeitumia kabisa.

Baada ya hapo, kama una akiba ya kutumia, usiipeleke kwenye filta. Inunulie kifaa cha kukata umeme ukizidi au kupungua, kile watu wanachofungia friji, chenye kuchelewa dakika kadhaa kabla ya kurudisha. Hatari kubwa ya vyombo vyetu ni nyutro kukatika kwenye nguzo. Likitokea hilo, nyumba moja inaweza kupata volti 300 na zaidi huku jirani akibaki na taa hafifu. Ekstensheni zenye kinga ya kawaida zina varista, ambayo imebuniwa kumeza kishindo cha sehemu ndogo sana ya sekunde. Umeme ukizidi kwa dakika nzima, varista yenyewe ndiyo inayowaka. Kwa sababu hiyo usiichomelee varista tupu ndani ya boksi ulilotengeneza. Ukitaka kinga ya vishindo, fundi aifunge kwenye meni switchi, karibu na ethi uliyoikarabati. Na ukikuta ekstensheni ya kinga ya mtumba kutoka Marekani, varista zake ni za volti 120. Ukiichomeka hapa italipuka.

Radi za Desemba hazina ekstensheni inayozizuia. Wingu likianza kunguruma upande wa Mlimwa, chomoa plagi ya ekstensheni ukutani na ufungue waya wa dishi nyuma ya king'amuzi. Vyote viwili. Ukichomoa kimoja, radi inaingilia kingine.

Kelele za juu, ile misisimko myembamba kama ya mbu, mara nyingi zinatoka kwenye chaja za simu na taa za LED za bei nafuu. Hamisha chaja kwenye soketi nyingine ya chumba na usikilize tena kabla hujafikiria filta. Nyaya za umeme za bei ya kutisha sizipendekezi: mita moja na nusu ya waya haiwezi kusafisha umeme uliokuja kilomita zote kutoka kituo cha umeme cha Zuzu, na ndani ya amplifaya kuna transfoma na kapasita kubwa zilizowekwa kwa kazi hiyo hiyo.

Ekstensheni nyeupe usimpe mtu wala usiitupe ikiwa nzima. Ichomoe, kata waya wake kwa koleo karibu kabisa na boksi na karibu na plagi, ndipo uitupe, maana ikiokotwa itarudi kuchomekwa kwenye nyumba nyingine.